Harufu Iliyotumwa kwa Nikodemu

Yosefina alikuwa na kiburi, tusifichane. Jumapili moja ya masika, mwaka hamsini na nne, wametoka misa, mumewe Nikodemu akaonja mchuzi akasema, "Mama Digna, mbona hiki chakula hakinukii wala hakina ladha?" Loo! Mpishi anayesifika kijiji kizima cha Katindiuka uambiwe hivyo mbele ya mwanao! Wakatupiana maneno, Nikodemu akabeba mkeka wake akahamia kwa kaka yake Teofili, ng'ambo ya migomba.

Siku zikapita, hajarudi. Yosefina moyo ulimuuma, usiku hapati usingizi. Lakini kumwita? Thubutu!

"Pua yake itamleta," akasema.

Asubuhi akapasha kiporo cha samaki, moto kidogo, kifuniko juu. Baridi ilikuwa bado imetanda, na ile harufu haikuvuka hata kizingiti cha jiko. Aliyeamka ni paka peke yake.

Basi akasubiri jua likawa kali. Akahamishia mafiga pembeni kabisa mwa migomba, karibu na kwa shemeji yake. Akamkatakata kambale mkavu vipande vidogo vidogo, akakoleza moto, vitunguu vikalia kwenye mafuta ya ufuta. Kifuniko akakitupa huko! Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Harufu ikajitembeza yenyewe, kutoka chunguni ilikojaa kwenda kule isikokuwepo, na kadiri chungu kilivyochemka ndivyo ilivyozidi kukazana. Wa kwanza kufika walikuwa kuku. Akafuata jirani, Verediana, eti anaomba chumvi. Mwisho akatokea Teofili mwenyewe, sahani mkononi, hana hata haya.

"Shemeji, utatuua! Nyumba yangu nzima inanukia!"

Imefika! Yosefina nusura aruke. "Na mdogo wako je?"

"Yupo ndani, amejilaza tu," Teofili akajibu, tonge liko mdomoni tayari.

Yosefina akageukia chungu chake. Kumbe harufu imemkuta mtu pale pale alipo, naye hata kugeuka hakugeuka. Basi amenichoka, akawaza, na machozi yakamlenga. Kiburi chote kikamtoka mbele ya Verediana na kuku wake.

"Baba Digna weee! Njoo ule, bwana! Nyumba imepooza bila wewe!"

Hajafunga mdomo, migomba ikatikisika. Nikodemu huyo, mbio, mkeka kwapani, macho mekundu, pua inachuruzika. Akapiga chafya moja, kuku wote wakatawanyika.

"Una mafua?" Yosefina akauliza.

"Tangu Jumapili. Pua imeziba, kila nikilacho nakiona kama maji."

Tangu Jumapili! Yosefina akashika kiuno, akacheka mpaka mwiko ukamdondoka. "Kwa hiyo hata harufu hii hukuisikia?"

"Harufu gani?" Nikodemu akauliza, huku anavuta kigoda chake. "Mimi nimesikia unaniita."