Kula Mbele ya Wazee

Shangazi Te Paea alikuwa mbishi tangu tumboni mwa mamaye, na siku hiyo ubishi wake uliwaponza wote wawili. Mpwa wake Merania alimwambia mara chungu nzima, "Shangazi, maji yanajaa, twende zetu." Jibu lilikuwa lile lile: "Maji haya nayajua tangu mama yako hajaota meno. Fagia!" Basi wakafagia pango la wazee, wakatoa mwani na magogo yaliyoletwa na dhoruba. Walipoinua macho, njia ya chini ya jabali ilikuwa imeshamezwa na bahari. Mbele yao mawimbi, nyuma yao mwamba mtupu na mifupa ya mababu. Simu nayo haikushika mtandao.

"Tutakaa mpaka yapwe," shangazi akasema. "Unaogopa nini? Hawa si jamaa zako?"

Jamaa hawakumtisha Merania. Kilichomtisha ni sindano ya kisukari aliyojichoma shangazi asubuhi bila kula kitu, akasema atakula mkate garini wakirudi. Chakula hakiingii walikolala wafu. Hilo hata mtoto mchanga wa kijijini kwao Oturoa analijua.

Haikupita muda mrefu, mikono ya shangazi ikaanza kutetemeka. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Akamwita Merania kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyefariki zamani.

Merania akatia mkono mfukoni kutafuta leso, akagusa peremende. Jamani! Alisahau kuiacha garini.

"Shangazi, fungua mdomo."

"Nini hicho?" Macho yakamtoka. "Umeingiza chakula humu? Mjinga wewe! Kitupe!"

"Utakufa, shangazi!"

"Basi nitakuwa nimeshafika." Akauma meno, akageuza uso.

Merania akakimbilia mlangoni. Wimbi likamrudisha ndani, likamlowesha hadi kifuani. Hakuwa na pa kumpeleka. Aliporudi, shangazi alikuwa amelala ubavu, taya limelegea, haitiki. Merania akaitia peremende mdomoni mwake mwenyewe, akaitafuna huku analia, kisha akampaka ule utamu ufizini kwa kidole, kidogo kidogo, akiona haya hata kugeuka nyuma.

Alipaka mpaka macho ya shangazi yakafunguka. Mama yule akalamba midomo, akaujua utamu ule. Akamtazama mpwa wake. Merania akainamisha kichwa, akingoja kofi au laana.

Shangazi hakumpiga. Alijikokota akapiga magoti, akaelekea gizani kwenye mifupa, akapaza sauti.

"Wazee wangu, nimekula humu. Mimi, Te Paea. Chakula nilikileta mimi, na njaa ilinishinda. Mkikasirika, nikasirikieni mimi. Mtoto huyu hana habari."

"Shangazi, si kweli, mimi ndiye—"

"Nyamaza!" akamkata, bado akitetemeka. "Hujafunzwa adabu? Naongea na wakubwa."