Magoti Mbele ya Punda

Mimi Nyanjige siogopi mashine. Trekta nimepanda, mashine ya kukoboa nimewasha mwenyewe. Lakini lile toroli la binti yangu Joyness, linalojiendesha na kubeba mafurushi ya pamba, liliniaibisha mbele ya baba mkwe, na sikulisamehe upesi.

Joyness anasomea uzamivu ughaibuni. Anachosomea ni akili mnemba ya maroboti: isiumize mtu, na watu wawe na sababu ya kuiamini. Walimu wake walitaka toroli lijaribiwe kati ya wakulima wenyewe, akalileta kwetu Bariadi msimu wa kuchuma. Likishindwa, masomo yake yanakwama. Majirani wakalibatiza Punda.

Mwanzoni mambo shwari. Ukisimama mbele yake, Punda anasimama. Nikapiga vigelegele. Ndipo Mzee Mabula, baba mkwe wangu, akatokea njiani, nami nikapiga magoti palepale kumwamkia, kama mkwe yeyote mwenye adabu.

Punda huyo! Hata mwendo hakupunguza. Joyness alipiga ukelele, akabonyeza kitufe chekundu cha dharura alichoshika mkononi, Punda akasimama gurudumu likiwa juu ya kanga yangu.

"Mama, umeumia?"

"Alaa! Mtu akisimama ni mtu, akipiga magoti ni kichuguu?"

Joyness akakaa chini, akalia. Picha zote walizomfundishia Punda kumtambua mtu zilikuwa za watu waliosimama au wanaotembea. Hakuna aliyewaza mtu anayepiga magoti njiani.

"Na mimi Msukuma, mama, nikasahau."

"Utakumbuka wapi? Tangu urudi unaniamkia kwa kupunga mkono!"

Yalimchoma, niliona. Lakini nilikuwa nimekasirika, nikaapa kwamba mbele ya dude lile sipigi goti tena. Wanawake wenzangu nao wakaapa.

Joyness aliwaandikia walimu wake ukweli wote, hakuficha kitu. Kisha akamzima Punda, akatubembeleza tupige magoti, tuchuchumae, tuiname, naye atupige picha za kumfundishia upya. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Felisita, jirani yangu, alikwenda kwanza kujipaka poda.

Asubuhi ya jaribio jipya tulijipanga kando ya shamba.

"Haya, nani anapiga magoti?" Mzee Mabula akauliza.

Mimi nikajifanya natazama pamba.

Joyness akanijia, akanishikisha kitufe chekundu. "Ukiona hasimami, bonyeza." Akamwasha Punda, akaenda katikati ya njia, akampa kisogo, akanitazama mimi. Akapiga magoti.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, kama binti anavyomwamkia mama yake asubuhi.

Jamani! Nikaweka kidole juu ya kitufe. Punda akaja na mzigo wake, akaja, akapunguza mwendo, akasimama nyuma ya mwanangu. Sikuwa nimebonyeza.

Watu wakalipuka kwa vigelegele. Yeye bado yuko chini, ananisubiri, maana sikuwa nimemwitikia.

"Mwangaluka, ng'wanone," nikamwitikia mwanangu, machozi yananitoka. "Inuka basi, unachafua suruali."