Sekunde Sita za Mwatime

Jana usiku niliota nimeitwa kikaoni ndani ya simu yangu. Nilichelewa kwa sababu sikujua mlango uko wapi. Kumbe uko chini, pale pa kuchomekea chaji. Nikavua kandambili, nikainama, nikaingia.

Nieleze kwanza simu yenyewe. Ni simu ya kupangusa, haina mwaka. Mjukuu wangu Salha amejiandikisha na watu wanaojaribu mfumo mpya wa simu kabla haujatolewa kwa kila mtu. Simu yake aliionea huruma, akauweka kwenye yangu. Tangu siku hiyo nikigusa jina la mtu, simu inafikiri. Nabandika maharage, narudi, bado inafikiri. Salha anasema huko mtandaoni wenzake wanabishana sana. Wako wanaosema uzito huo ni wa kawaida, simu inapanga vitu vyake, ipewe wiki. Na wako wanaosema mfumo ni mbovu, watu warudi kwenye ule wa zamani. Ila kurudi ni kufuta kila kilichomo. Yeye ameshahamia kwa hao wa pili, na leo asubuhi alikuwa aje kuifuta.

Na mle ndani mlikuwa na sauti ya mdogo wangu Mwatime. Nilimwomba ahame Pangani aje tukae wote hapa Muheza, maana sasa kila mmoja ana nyumba na hana wa kumwambia habari za asubuhi. Jumamosi akajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa simu ya jirani yake. Imeandikwa sekunde sita. Haufunguki. Kiduara kinazunguka tu. Sekunde sita zinatosha kusema nakuja, na zinatosha kusema siji. Kumuuliza tena sithubutu. Mwatime ukimuuliza jambo mara mbili atakukatalia, hata kama mara ya kwanza alikubali.

Basi, nimeingia. Ndani ni ukumbi na ni saa sita mchana. Betri amekaa mbele, mwanamke mnene, anajipepea. Karibu yake yupo Kamera, ana macho matatu na hakuna hata moja linalonitazama. Kiduara anakimbia kuzunguka viti.

Nikaambiwa mada ni kwa nini mambo hayaendi. Betri akasema kosa ni la Kamera, anakula bila kupika. Kamera akasema yeye kwa bibi huyu hana kazi, anapigishwa picha za kidole gumba tu. Wote wakanigeukia. Nikaficha gumba.

Nikamuuliza Kiduara anakimbilia nini. Akajibu bila kusimama.

"Sikimbilii kitu, Bibi. Nazunguka ili watu waone kuna kazi inafanyika."

"Inafanyika?"

"Sijawahi kuambiwa."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mfumo mwenyewe. Kijana mrefu, amevaa suti iliyopigwa bandi tu, pini zimejaa mabegani na mapajani. Ananyanyua mguu mmoja, anafikiri, anaushusha. Akaniamkia shikamoo na akaomba radhi: fundi hajamaliza, na yeye akienda haraka pini zinamchoma. Niliona ana haki. Nikamwambia akae. Akasema kukaa bado hakujawekwa, kutakuja mwezi ujao.

Ndipo Betri akatoa hoja kwamba vitu vyote vifutwe. Mikono ikanyanyuliwa. Pembeni akasimama mwanamke mwenye ndoo na dekio la tambara, akaanza kufuta kutoka kwenye kona. Palipopita tambara hapakubaki ukuta, wala sakafu, wala rangi ya kitu. Viti vitatu vikaenda na waliokuwa wamevikalia, na hawakulalamika.

Nikasema ngojeni, mna ujumbe wangu humu. Wakaleta mkeka wakaukunjua hadi ukatoka nje ya ukumbi. Umesukwa kwa maandishi madogo madogo, na mwishoni kuna alama ya gumba langu. Nikakiri ni langu. Siku ile Salha alipouweka mfumo palitokea neno Nakubali, nami nikalibonyeza kwa adabu tu.

Nikamuuliza Mfumo, mwanangu, hebu niambie, mzigo wenyewe umekwama wapi? Akainua mkono, na mkono ulichukua muda. Akasema umekwama kwa Karani wa picha. Tangu Jumamosi yuko kwenye picha moja.

Naufungua mlango wa Karani na ni uani kwa marehemu mama, Pangani. Picha zangu zote zimeanikwa kwenye kamba kama nguo. Karani ni mbuzi ya kukunia nazi. Amevaa miwani.

Ameishika picha ya harusi tuliyokwenda Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani. Tumesimama mimi na Mwatime, tumejifunga kanga za doti moja tuliyogawana, yeye kipande chake na mimi changu, kama tunavyofanya tangu tuvunje ungo. Watu wasiotujua huwa wanatusalimia mara moja kwa wote wawili.

Karani akanieleza kwamba sheria ni uso mmoja, jina moja. Uso huu upo mara mbili. Nguo nayo ni doti moja, na doti moja ni mtu mmoja. Kwa hiyo ameandika Mwanakombo.

"Mwanakombo ni mimi," nikasema. "Na huyu wa pili umemwandikaje?"

"Mwanakombo."

"Huyo ni Mwatime."

"Jumamosi alikuja Mwanakombo amebeba sauti ya kumpa Mwanakombo. Mtu hajiletei sauti mwenyewe, Bibi. Nikamweka nje."

Nikachungulia nje ya ua. Uani ni jua, nje kunanyesha. Kitu kidogo kimesimama kwenye matope kimejitanda kanga, kimelowa, hakisogei.

Yule mwanamke wa ndoo ameshafika uani. Anafuta jiko la mama.

Nikamwambia Karani, Mwatime ananizidi urefu kwa kidole kimoja. Akasema vidole havipimi, hasa vyangu, ameviona. Nikamwambia yeye ana mwanya. Akasema wote tumefunga midomo. Nikamwambia yeye ni mkali. Akaitazama picha muda mrefu, akasema ukali hauonekani. Mti wa kamba ukafutwa. Picha zikabaki zinaning'inia hewani, moja moja zinazimika.

Nikaichukua ile picha, nikaisogeza karibu, nikaisogeza mbali. Kusema kweli mimi mwenyewe sikujua yupi ni yupi. Nikachukua nyingine, ya hospitali. Nikachukua ya maulidi, na ya siku tuliyonunua godoro, na nyingine tano. Nikazipanga chini. Zote ziko namna moja. Mmoja anaiangalia kamera kana kwamba imemkosea. Mwingine amegeuza shingo.

"Anayeiangalia kamera ni Mwatime," nikasema. "Anayemtazama mwenzake ni mimi."

Karani akavua miwani. Akazipitia zote, tisa, bila haraka, na tambara liko mguuni pake. Kisha akaandika. Mwanamke wa ndoo akaegemea dekio lake akasubiri, kama mtu aliyezoea kukatizwa.

Nje mvua ikakoma. Kile kitu kidogo kikapita mlangoni, kikajikung'uta maji, kikanijia hadi miguuni, kikafungua mdomo.

Nikaamka.

Jua limeshatoka. Salha amekaa ukingoni mwa kitanda, simu yangu mkononi, gumba liko juu ya neno Futa. Nikamshika mkono. Akasema, Bibi, tumeshakubaliana jamani. Nikamwambia bonyeza kwanza ujumbe wa bibi yako Mwatime. Akasema haufunguki, amejaribu jana mara kumi. Nikamwambia bonyeza.

Ukafunguka hapo hapo, kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa na kifaa alichopewa.

"Dada, nakuja Alhamisi. Mimi nalala upande wa ukutani."

Salha akacheka, akasema basi wale wa wiki moja walikuwa sahihi, simu imemaliza kupanga vitu. Akaanza kuipekua aone kasi yake. Akafika kwenye picha, pale simu inapoweka sura za watu kila moja na jina lake, akasimamisha kidole. Akaniuliza nani amekuwa akichezea simu. Akanigeuzia nione. Pana sura mbili, zimetenganishwa. Chini ya moja pameandikwa Mwatime. Chini ya yangu hapakuandikwa Mwanakombo. Pameandikwa: Anayemtazama mwenzake.

"Bibi, ni wewe umejiandika hivi?"

Nilikuwa nauhamisha mto wangu kutoka upande wa ukutani.