Gari Alilolileta Abubakar

Gari lile alilinunua Abubakar kwa fedha za dada yake kwenye yadi moja ya Mombasa, na siku alipolipandisha Kwale alifungua boneti kabla hajaingia ndani kumwamkia mama yake.

"Tazama, dada," alimwambia Biasha. "Injini ya lita moja nukta mbili, lakini ina turbo ya kuisukumia hewa. Nguvu utadhani ya lita mbili, na mafuta inanusa tu."

Biasha alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya upili pale mjini, na haja yake haikuwa nguvu. Figo za mama yao, Bi Mwanasha, zilikuwa zimegoma. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi, alitakiwa awe hospitalini upande wa Msambweni ili asafishwe damu kwa mashine. Biasha alihitaji gari la kuteremka hadi Kombani, kupita Ukunda, kufika, kisha kuupanda tena mlima wa Kwale mama akiwa hoi. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

Mwaka wa kwanza hakuwa na la kulalamikia. Gari lilipanda mlima kama liko tambarare. Abubakar, ambaye alikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya Diani, alijitwika kazi ya kulipeleka kubadilishwa oili, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua magari. Mwaka wa pili taa ya injini ikaanza kuwaka, na oili ikawa inapungua bila kuonekana inakovuja.

Fundi wa kwanza ambaye Biasha alimpelekea alibadilisha plagi. Taa ikazimika wiki mbili, ikawaka. Wa pili alibadilisha sensa. Ikazimika mwezi, ikawaka. Wa tatu alichomeka kompyuta yake, akaitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba, akasema ni nyaya. Kila mmoja wao alimrudishia Biasha ufunguo kwa maneno yale yale: "Sasa limepona, mwalimu." Biasha, ambaye kila siku aliwataka wanafunzi waonyeshe njia waliyofuata hadi kwenye jibu, hakumpata hata mmoja aliyeweza kumwonyesha yake.

Alhamisi moja, walipokuwa wanapita Tiwi, gari liliishiwa nguvu. Biasha alikanyaga mafuta, lakini halikuongeza mwendo. Kwenye kioo cha nyuma aliona moshi wa rangi ya samawati umeifunika barabara.

"Mbona tunatambaa?" aliuliza Bi Mwanasha.

"Tunasimama kidogo, mama."

Alimpigia simu Abubakar. Kabla hajamaliza kueleza, Abubakar alisema, "Utakuwa umelikanyaga sana. Nilikwambia gari hili linataka mtu anayejua kuendesha." Biasha akakata simu, maana angeendelea angemtukana ndugu yake mbele ya mama.

Aliyewasaidia alikuwa mtu wa Kinango aitwaye Fondo, aliyekuwa anapeleka mbuzi Ukunda kwa pikapu ya dizeli ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Alimketisha Bi Mwanasha mbele kwa adabu, Biasha akabanana kando yake, na badala ya kuishia Ukunda na mbuzi wake, akawafikisha hadi Msambweni.

Walifika saa nne na nusu. Faith, muuguzi wa zamu, alimshika Biasha mkono. "Pole, mwalimu. Mashine nimempa mgonjwa mwingine, nisingeweza kuiacha ikae bure. Mtaingia zamu ya mwisho."

Walingoja hadi saa kumi. Miguu ya Bi Mwanasha ilivimba hadi kanda za ndara zikazama kwenye ngozi, na kila alipotaka kusema neno ilibidi avute pumzi mara mbili. Biasha alikaa kando yake akimpepea kwa kadi ya kliniki.

Kesho yake gari lilivutwa hadi kwa Alfani, fundi wa Ukunda ambaye watu walimwogopa kwa ukimya wake. Aliifungua turbo, akawaita Biasha na Abubakar, akaushika ule mhimili mwembamba wa kati na kuutikisa. Ulicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kisha akawaonyesha bomba la kupeleka oili. Ndani yake kulikuwa na uchafu mweusi, mgumu kama lami.

"Oili imebadilishwa mara ngapi tangu mlinunue?" aliuliza.

Abubakar alitazama chini. "Mara mbili. Kitabu chake kinasema kila kilomita elfu kumi na tano. Nimefuata kitabu."

"Na oili gani?"

"Ya kawaida. Ile ya kupimiwa kwenye dumu."

Alfani hakumgombeza. "Kitabu kiliandikiwa mahali pa baridi, na oili yenyewe si hiyo. Injini ndogo hii inafanyishwa kazi ya kubwa. Ilitakiwa oili mpya kila elfu tano." Akamgeukia Biasha. "Na wewe, mwalimu, ukifika Kwale huzima mara moja?"

"Nazima, nimshushe mama."

"Baada ya mlima ule turbo inakuwa moto kupita kiasi. Ukizima, oili inasimama ndani yake na kuungua. Ungeiacha iungurume dakika mbili."

Biasha alikuja juu. "Nimepita kwa mafundi watatu. Nani aliniambia?"

"Hukuja kwangu," alisema Alfani.

Alifunga turbo mpya, akasafisha njia zote za oili. Biasha alifuata kila alichoambiwa. Kila walipofika nyumbani alikaa kwenye usukani huku injini ikiunguruma, na mama yake, aliyetamani kitanda tu, akimwuliza wanamngoja nani. Mwezi wa tatu, asubuhi, injini ikaanza kugonga kila inapowashwa. Alfani alisikiliza kidogo tu. Cheni ya ndani ilikuwa imelegea, nayo kwa sababu ya oili ile ile ya zamani.

"Ukitaka kuliuza," alisema, "nitalichukua mimi kama lilivyo."

Biasha alimwuzia siku ile ile, akanunua gari kuukuu la injini ya lita moja na nusu, lenye buti refu, lisilo na turbo. Abubakar alikasirika. "Hilo linakunywa mafuta, halafu mlimani litakohoa."

"Likohoe," alisema Biasha. "Wewe ulinichagulia gari lenye akili. Mimi nataka linalofika."

Abubakar hakupanda Kwale mwezi mzima, na Biasha hakumbembeleza. Bi Mwanasha aliwahi mashine yake kila Jumatatu na kila Alhamisi. Gari lilipanda mlima kwa gia ya pili, malori yakilipita.

Siku moja, wakiwa kwenye msongamano wa Ukunda, gari lao la zamani likawapita. Alfani alikuwa kwenye usukani. Halikutoa moshi wala kugonga, na lilipofika penye nafasi likachomoka kama jipya.

"Si lile letu?" alisema Bi Mwanasha. "Mbona zima?"

"Kilichobaki kilikuwa cheni tu, mama," alisema Biasha. Alingoja lori lililo mbele lisogee, meno ameyauma.