Mlikuwa Mnamchoma Maji

Sentensi yenyewe katika wasifu wa marehemu ilikuwa moja tu, na Erasto, Mtendaji wa kijiji, aliikata kwa peni nyekundu akiwa amekalia kigoda cha marehemu, jikoni kwa marehemu, mguu juu ya mguu. Nje, chini ya turubai la kuazima, jeneza lilikuwa limewekwa juu ya mabenchi ya kanisa. Jua lilikuwa limeshapanda. Waombolezaji waliotoka mbali, Nyambureti, walianza kuchungulia saa kwenye simu zao.

"Soma sasa, binti," Erasto akasema. "Imekaa vizuri. Ina heshima."

Ghati aliisoma kimoyomoyo. Mama yake, Agustina, alizaliwa. Aliolewa. Alizaa. Alikuwa mlezi, mpishi hodari, hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwake na njaa. Aliugua kisukari kwa miaka kumi na minne. Kisha, mahali pa sentensi yake, wino mwekundu kama mkwaruzo wa mwiba.

"Umeondoa kilichomuua."

"Kilichomuua ni sukari. Kila mtu anajua."

"Sukari kaishi nayo miaka kumi na minne, Mtendaji. Kilichomuua ni soda zenu."

Baba yake, mzee Mniko, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi, akakohoa. "Ghati. Huyo ni mgeni."

Mgeni. Neno hilohilo.

Nyumba ile haikuwa na umeme, sembuse friji. Dawa ya sindano ambayo Agustina alipewa hospitalini Mugumu haitaki joto, na mama yule, aliyeishia darasa la nne, aliitunza kuliko wengine wanavyotunza hati za mashamba. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, mchanga ukinyweshwa maji asubuhi na jioni, vichupa vikilala humo kwenye ubaridi. Nyayo zimekufa ganzi, kidole kimoja kimekatwa, macho yanaona kama mtu aliye ndani ya moshi, lakini maji ya kulowesha mchanga ule aliyachota mwenyewe mtoni. Akirudi anasonga ugali. Ukimwambia apumzike anakucheka: "Nikilala mimi, nyinyi mtakula mawe?"

Mwezi Agosti kijiji kikatangaziwa kwamba mkubwa atakuja kuweka jiwe la msingi la zahanati. Erasto akapita nyumba kwa nyumba na daftari lake: wewe kuku, wewe sufuria, wewe viti. Kwa Agustina akatumbukiza mkono chunguni, akautoa akitabasamu.

"Mama, kumbe hapa ndipo penye baridi kijiji kizima! Soda za mgeni zitakaa humu."

"Humu mna dawa yangu, mwanangu."

"Siku moja tu, mama. Unataka mkubwa anywe soda ya moto? Tutaonekana watu gani?"

Aliyejibu alikuwa Mniko. "Chukueni. Nyumba hii haijawahi kumwaibisha mgeni."

Agustina hakubisha. Alihamisha vichupa vyake kwenye kopo tupu la mafuta, akalisukuma chini ya kitanda, chini ya bati lililowaka tangu saa nne asubuhi. Soda alizipanga mwenyewe, moja moja, akizifuta vumbi kwa kanga yake.

Siku moja ikawa tatu, kwa kuwa safari ya mkubwa iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Siku ya tatu msafara ukapita barabarani vioo vimefungwa, akina mama wakipiga vigelegele kandokando. Haukusimama. Vumbi lilipotulia, kamati ya mapokezi ilikaa kivulini ikanywa zile soda. Zilikuwa baridi kweli.

Vichupa vikarudi chunguni, dawa ikionekana safi kama maji ya chemchemi, vilevile kama mwanzo. Nani angejua? Mama hakuweza tena kusoma mistari ya bomba la sindano, kwa hiyo aliyemchoma kila siku alikuwa Ghati. Mama akaanza kunywa maji kama shamba la kiangazi. Ghati akaongeza dawa. Mama akaanza kutapika, pumzi ikanuka kama ndizi zilizooza. Ghati akaongeza tena. Walipofika Mugumu, mama akiwa amefungwa kwa kanga mgongoni kwa dereva wa bodaboda, nesi alishika kichupa akauliza kilikuwa kimewekwa wapi. Ghati akamweleza. Nesi hakumgombeza. Alisema tu, "Hii ilishakufa, dada. Mlikuwa mnamchoma maji."

Na Ghati akaandika hivyo katika wasifu: nani alitaka chungu, kwa ajili ya nani, siku ngapi.

"Sikiliza," Erasto akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Jiwe halijawekwa bado. Wakubwa wakisikia kijiji hiki kina maneno maneno, zahanati inakwenda kwingine. Akina mama wakijifungulia njiani utawaambia nini? Kwamba ulikuwa na uchungu?"

"Nitawaambia nilichoandika."

"Tata," akamgeukia Mniko kwa heshima ya baba, "sema na mtoto wako."

Mniko alikuwa akizungusha kofia vidoleni. Hakumtazama binti yake. "Aliyeshika sindano ni wewe, Ghati," akasema. "Unataka watu wote wajue?"

Erasto akasimama, akakung'uta suruali yake, akatoka kwenda kukaa kwenye kiti cha mbele.

Ghati alisimama kando ya jeneza, akasoma. Alizaliwa, aliolewa, alizaa. Watu waliitikia kwa vichwa. Alipofika kwenye wino mwekundu alivuta pumzi, akaikunja karatasi, akasema, "Mama yangu hakuuawa na sukari. Mwezi wa nane, Mtendaji alikuja kwetu..."

Erasto aliinua kidole kimoja tu. Mokami, mwalimu wa kwaya, alikuwa ameshaelekezwa. Kinanda kikalipuka kwenye spika mbili kubwa, kwaya ikadaka, turubai likatetemeka. Vijana wakainua jeneza.

Ghati hakunyamaza. Alilifuata jeneza akisema, alifika kaburini akisema, mishipa ya shingo imemsimama, siku moja ikawa tatu, siku moja ikawa tatu, na udongo wa kwanza ukaanguka wala yeye mwenyewe hakuusikia.

Mbali nyuma, bibi mmoja wa Nyambureti alijifuta machozi akamgusa jirani yake begani.

"Mwone yule binti," akasema, "anavyoimba."