Kengele Haipandi

Mara ya kwanza Kalolaine alikataa akiwa amesimama. Mara ya pili alikataa akiwa ameketi, kwa sababu Sitiveni alimwambia akae kwanza wazungumze kama watu wazima. Akakaa. Jibu likabaki lilelile.

Walikuwa kwenye chumba cha mitambo ya simu, katikati ya Nuku'alofa, mbele ya skrini kubwa ya ukutani. Sitiveni ndiye aliyekuwa mkuu wa mitambo. Kalolaine ndiye mhandisi aliyekuwa na jukumu la viungo vya ishara. Kazi hiyo hakuna anayeikumbuka mpaka iharibike. Kabla simu haijalia popote duniani, mitambo miwili hunong'onezana kwanza: nani anapiga, anamtaka nani, huyo anayetakiwa yupo au kazima. Minong'ono hiyo ina njia zake yenyewe, mbali na sauti za watu, na njia hizo hufungwa pamoja kuwa kundi ili moja ikianguka nyingine ibebe mzigo wake. Kundi la kwenda ng'ambo lilikuwa na viungo viwili tu, kimoja kwenye mkongo wa baharini na kingine kwenye satelaiti. Kanuni ilikuwa kila kiungo kisipite asilimia arobaini ya uwezo wake, na kikipita, kengele ilie. Ukiwa na viwili vyenye arobaini arobaini, kimoja kikifa kilichobaki kinabeba themanini na bado kinapumua. Mtoto wa darasa la tano angeielewa hesabu hiyo. Sitiveni naye aliielewa, ndiyo maana alikuwa hamtazami usoni.

Tatizo lilikuwa Jumapili. Siku hiyo nchi nzima ya Tonga inafungwa: maduka, mashamba, hata kuoga baharini. Watu wanakwenda kanisani, wanarudi, wanafukua chakula kwenye tanuri la ardhini, wanakula mpaka mikanda inalegea. Hapo ndipo ndugu wa Auckland, Sydney na Utah wanapoanza kupiga simu, wote kwa pamoja. Viungo vilikuwa vinapita arobaini kila Jumapili, na kila Jumapili kengele ililia.

"Wanunuzi wanapima Jumanne," Sitiveni alisema. Kampuni ilikuwa inauzwa, na wageni kutoka Auckland walikuwa njiani. "Jumanne tuko kumi na tano. Safi kabisa. Halafu wanafungua kumbukumbu za kengele, wanakuta nyekundu kila Jumapili, kama upele. Unataka waseme tunauza kitu kibovu?"

"Kwani hatuuzi kitu kibovu?"

"Kalo."

"Kiungo cha tatu kiko stoo, ndani ya boksi, hakijafunguliwa. Nipe siku moja nikifunge. Kengele itanyamaza yenyewe."

"Nikifunga cha tatu leo, nimekiri kwamba viwili havikutosha jana."

"Havikutosha jana."

Sitiveni akapumua kwa nguvu. Akasema hamwombi afanye maajabu, anamwomba abadilishe namba moja tu. Kengele ilie kwenye themanini badala ya arobaini, basi, wauze, kisha wamiliki wapya wafunge viungo hata kumi wakitaka. Kalolaine akamjibu kwamba kengele ya arobaini inakupa miezi ya kujipanga, na kengele ya themanini inakupa muda wa kutafuta viatu.

"Mimi sipandishi," alisema. "Ukitaka ipande, ipandishe kwa jina lako."

Sitiveni akaipandisha. Siku iliyofuata Kalolaine alikuta neno lake la siri limefutwa, naye amehamishiwa chini, kaunta, kuuza vocha na kusajili laini. Akapewa na fulana ya njano yenye picha ya simu inayocheka. Aliivaa, akaketi, akauza vocha. Lakini kila mteja aliyelalamika kwamba simu za Jumapili zinakatika, Kalolaine alimwambia waziwazi, kwa sauti ya kufika ghorofani, kwamba viungo havitoshi na kengele imezibwa mdomo. Alionywa mara mbili. Akaendelea.

Kilichowafanya wafanyakazi waangalie pembeni kila wawili hao walipokutana ni kwamba walikuwa binamu, tena si binamu hivihivi. Mama yake Kalolaine alikuwa dada mkubwa wa Hopoate, na Hopoate ndiye baba yake Sitiveni. Kwa Watonga mtoto wa dada yuko juu ya mjomba wake, na juu ya watoto wa mjomba wake. Anaitwa fahu, na anachokitaka hakuna wa kumnyima. Utotoni Kalolaine aliingia kwa mjomba akachukua kitoweo, kitambaa, siku moja hata baiskeli ya Sitiveni, na mjomba akawa anacheka tu huku mtoto wake akimeza machozi. Kazini mambo yalikuwa yamepinduliwa. Kila mtu alijua, na kila mtu alijifanya hajui, wakiwamo wao wenyewe.

Mjomba Hopoate alikuwa anaumwa. Figo zilikuwa zimechoka, na daktari alishawaambia wamrudishe nyumbani. Alikuwa na binti huko Utah, Melenaite, dada mkubwa wa Sitiveni, aliyekwenda miaka mingi nyuma na hakuwa na karatasi za kumwezesha kurudi Amerika endapo angetoka. Ana watoto kule. Kwa hiyo hakuja, na wote walijua hatakuja. Kilichokuwapo ni simu ya Jumapili. Hopoate aliisubiri wiki nzima, na kufikia Ijumaa alikuwa ameshaanza kuuliza kama simu ina chaji.

Ikafika Jumapili ya kwanza ya Mei, sikukuu ya watoto. Hakuna Mtonga ng'ambo asiyepiga simu siku hiyo. Kila mzazi anataka kusikia mwanawe alivyosimama kanisani na nguo mpya akasema maneno yake bila kusahau. Kalolaine hakwenda kanisani. Alikaa kando ya godoro la mjomba, simu ikiwa juu ya mto karibu na sikio lake. Mzee alikuwa anahema kwa shida, lakini akili ilikuwa timamu. Alisema, "Melenaite kachelewa leo."

Kalolaine akajaribu kumpigia Melenaite. Kimya, kisha ule mlio mfupi wa kukataliwa. Akajaribu tena, akajikuta anaona aibu kujaribu, maana alijua kila jaribio ni mnong'ono mwingine unaosukumwa kwenye njia iliyojaa. Visiwa vyote vilikuwa vinafanya hivyo hivyo muda ule. Anayekosa anarudia, anayerudia anaziba, na anayezibwa anarudia.

Aliomba shangazi mmoja amkalie mzee, akaenda ofisini mbiombio. Fatai, kijana wa zamu, alimfungulia mlango bila kuuliza chochote. Skrini ilikuwa nyekundu kutoka juu mpaka chini. Fatai akamwambia kengele ililia ikiwa themanini, akainuka kwenda kuangalia, na kabla hajafika kwenye kiti ilikuwa mia. Yeye hakuwa na la kufanya. Ruhusa ya kupunguza mzigo alikuwa nayo mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa kanisani.

Basi Kalolaine akaingia kanisani kwa Sitiveni, ambako ibada ilikuwa bado haijaisha ingawa makanisa mengine yalishatoka. Hakuwa amevaa mkeka kiunoni, kama heshima ya kanisani inavyotaka, nywele zilikuwa wazi, na mtoto mmoja alikuwa katikati ya maneno yake. Akapita katikati ya mabenchi mpaka mstari wa mbele, akamshika Sitiveni mkono. Nje, Sitiveni akauchomoa mkono wake. Akasema hajapata kuaibishwa hivyo maishani. Akasema leo ni Jumapili na hafanyi kazi Jumapili, na isitoshe msongamano wa sikukuu hupungua wenyewe ikifika jioni.

"Baba yako anamsubiri Melenaite," Kalolaine alisema.

"Atapiga jioni."

Msongamano ulipungua jioni kweli. Lakini Hopoate alikuwa ameshakata roho, na simu ilikuwa bado juu ya mto.

Msiba ulijaza uwanja. Wanaume walichinja, wanawake walileta mikeka na vitambaa vya magome, kwaya haikupumzika. Kalolaine aliwekwa mahali pake, kwenye kichwa cha marehemu, juu ya mikeka iliyopangwa mpaka ikamwinua kuliko wote. Fahu hainuki wala hafanyi kazi, na kila kinacholetwa huwekwa mbele yake. Sitiveni na ndugu zake walikuwa nyuma, kwenye moshi wa kupikia, wamefungwa mikeka mikubwa iliyochanikachanika inayofika mpaka kifuani, kama desturi inavyowataka walio chini ya marehemu. Wageni wa Auckland walikuja kutoa pole. Walitafuta mkuu wa mitambo, wakaonyeshwa mtu mwenye masizi anayekoroga sufuria, na mhudumu wa kaunta ameketi juu ya kila mtu. Wakatazamana.

Ulipofika wakati wa kugawa, mikeka bora ikasukumwa mbele ya Kalolaine. Mzungumzaji wa ukoo akatamka ni yake. Kalolaine akairudisha yote kwa kiganja.

"Mikeka sitaki," alisema. "Mwiteni Sitiveni."

Sitiveni akaja ameinama, kichwa chini ya kichwa chake, akaketi mbali kidogo. Kwaya ikanyamaza bila kuambiwa.

"Ninachokitaka kwenye msiba huu ni kengele. Irudi ilipokuwa. Na kiungo cha tatu kitolewe stoo kifungwe. Leo, si kesho."

Wazee wakaulizana kwa macho ni kitu gani hicho. Sitiveni alisema kwa sauti ya chini kwamba wageni wamesimama pale pale, wanasikia, kwamba hii ni kazi yake, na kwamba akifanya hivyo atafukuzwa.

"Vocha zinahitaji wauzaji wawili," Kalolaine alisema. "Nitakusogezea kiti."

Kuna waliocheka, wakaziba midomo. Sitiveni hakucheka. Aliangalia wageni, akamwangalia baba yake, kisha akamwomba Fatai kompyuta. Akaifungua juu ya mapaja, juu ya ule mkeka wake mbovu, na kwa vidole vyenye masizi akarudisha namba ilikokuwa. Kisha akamtuma Fatai stoo na funguo.

Kalolaine hakuwa amemaliza. Alikuwa amekaa na simu ya mjomba tangu Jumapili, na sasa akaminya jina la Melenaite. Ilikuwa siku ya kawaida, njia zilikuwa nyeupe, ikaita mara moja tu. Tangu mzee afariki, ndugu walikuwa wanamwambia Melenaite ni mapenzi ya Mungu, na kwamba simu kutopita siku ile ni hitilafu za huko huko Amerika. Sauti ikatoka kwenye kipaza, imekauka kwa kulia. Ikauliza nani anapiga kwa namba ya baba.

Kalolaine akamnyooshea Sitiveni simu. Kwao kaka hamkaribii dada yake ovyo, wala hamtanii, wala hamdanganyi. Sitiveni alirudi nyuma kwa magoti.

"Mwambie wewe, Kalo. Nakuomba."

"Mimi nilikataa," Kalolaine alisema. "Aliyepandisha ni wewe. Mwambie."

Mkono wake haukushuka. Uwanja mzima ulisubiri, na kule Utah Melenaite aliita tena, halo, halo, mpaka Sitiveni akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Dada," alisema. "Ulipiga. Baba alikuwa macho, anakusubiri. Mimi ndiye niliyekuzuia."