Picha ya Kabla

Mimi ni mtu wa kinyongo, na sitaki mtu anipambe kwa hilo. Wengine huacha soda kwa sababu daktari kawatisha, wengine kwa sababu wamempenda mtu. Mimi niliacha kwa sababu ya Noela. Kila nilipopata hamu ya chipsi niliukumbuka uso wake, na hamu ikaisha.

Noela tulipanga naye chumba kimoja Makambako, karibu na stendi. Mimi nilishinda kwenye kibanda cha kutuma na kupokea fedha, asubuhi hadi jioni juu ya stuli, chipsi mayai mchana na soda mbili za kushushia. Yeye aliuza chai ya kupunguza mwili aliyoiita Chai ya Wepesi. Aliichanganya mwenyewe mle chumbani: majani ya chai ya kawaida na unga wa sanamaki, anapima kwa kijiko, anafunga kwenye vipakiti vyenye picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu. Anayeijua sanamaki anajua kazi yake. Unaendesha mpaka magoti yanatetemeka, kisha unapanda kwenye mizani unafurahi. Noela mwenyewe hakuwahi kuionja. Alisema tumbo lake halitaki utani, tukacheka, maana wakati huo tulikuwa marafiki.

Kwenye harusi ya Brayson wa kwaya alinipiga picha bila mimi kujua. Nimeinamia sahani ya pilau, mdomo wazi, paja la kuku mkononi, gauni limenikaza mpaka zipu inaomba msaada. Wiki mbili baadaye nikaikuta picha hiyo kwenye bango, imekuzwa, imetundikwa mbele ya saluni alikokuwa anauzia chai yake. Juu yake kumeandikwa KABLA. Pembeni, penye BAADA, ameweka mrembo fulani aliyemtoa mtandaoni. Kila aliyeshuka kwenye basi aliniona. Watu walikuja kibandani kutoa pesa, wakaniangalia, wakainama kuficha kicheko.

Nilimfuata kwa upole kabisa, nikamwomba aitoe. Akanijibu huku anajipaka rangi ya kucha.

“Ungekuwa umependeza, Esnath, ningekuweka upande wa pili.”

Nilihama wiki ileile. Ilikuwa Septemba. Nilipata kazi Njombe mjini, kwenye banda la kuchambua maparachichi ya kusafirishwa nje, nikapanga chumba kimoja kwenye mtaa wa mlimani. Televisheni niliiuza. Nilibaki na jiko la mkaa, sufuria mbili, kitanda na ndoo. Kwenda kazini nilitembea dakika hamsini, kushuka bonde na kupanda lingine, na asubuhi za baridi ukungu ulikuwa mzito hata sioni miguu yangu. Kazini tulisimama kutwa nzima, tunatenga yaliyo safi na yenye makovu. Yenye makovu tuliruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Kwa hiyo chakula changu kikawa viazi vya kuchemsha, maharage, mboga ya mnafu na parachichi, na maji ya kunywa. Saa tatu nimelala. Hakuna siri nyingine, na anayekuambia ipo anataka kukuuzia kitu.

Mwili ulianza kunitii baada ya miezi mitatu hivi. Nilipanda ule mlima bila kusimama katikati, nikashangaa. Mtu mwingine angeimba. Mimi nilikataa kufurahi, furaha yote nikaiweka akiba kwa ajili ya siku nitakayosimama mbele ya Noela.

Mama yangu alibaki Makambako peke yake. Kila Jumapili alinipigia simu kuniuliza nakuja lini, nami nikasingizia kazi. Hata Krismasi sikwenda. Alipotaka kuja yeye, nikamwambia chumba ni kidogo, asubiri. Ukweli ni kwamba sikutaka Makambako inione nikiwa nusu. Nilitaka siku moja tu, nitokee nimekamilika, watu waone aibu.

Mwezi wa tano nilivaa sketi mpya, nikajipiga picha, nikaiweka kwenye status. Nilihakikisha Noela ataiona. Kusema kweli niliiweka kwa ajili yake yeye tu.

Siku ya tatu Lidia, aliyechukua nafasi yangu kibandani, akanitumia picha ya bango. KABLA ilikuwa ileile, mimi na paja langu la kuku. BAADA ilikuwa mimi na sketi yangu.

Niliiangalia mpaka chakula kikapoa. Miezi minane ya kutembea kwenye baridi, na yule mwanamke kaigeuza kuwa chai yake. Ningeweza kuandika sentensi moja kwenye simu: sijawahi kunywa hiyo chai, ni sanamaki. Lakini nilimjua Noela. Angecheka, angesema nina wivu, na mimi nisingeyaona macho yake. Nilitaka macho yake. Nilitaka na mashahidi.

Hapo nikaikumbuka sikukuu ya mavuno. Usharikani kwetu Makambako, ibada ikiisha, mazao yaliyotolewa madhabahuni hupigwa mnada nje: kuku, viazi, mahindi, hata keki. Na unaruhusiwa kununua kitu ukamtunuku mtu mwingine palepale, mbele ya wote. Aliyetunukiwa hakatai. Hupokea kwa mikono miwili, na kikiwa cha kuliwa au kunywewa, huonja, wamama wakampigia vigelegele. Noela kila mwaka alitoa kikapu cha chai yake, sadaka na tangazo kwa pamoja.

Zilibaki wiki nane. Nikanyamaza.

Lidia aliniambia chai inakwenda kuliko zamani, wamama wanasema kama mtoto wetu Esnath ameweza, na sisi tutaweza. Niliyasikia hayo. Nilijua wanainunua kwa sababu ya sura yangu. Mama naye alinipigia kusema ameiona picha yangu mpya na nimependeza sana. Nilimwambia asante, nikabadilisha mazungumzo haraka, maana nikimweleza angekwenda kumfokea Noela siku hiyohiyo, na mpango wangu ungekufa. Wale wamama wengine niliwahurumia kidogo, kisha nikaendelea kusubiri.

Siku ilipofika nilishuka kwenye basi ibada imeshaanza, nikakaa benchi la nyuma kabisa. Mama sikumwona, nikajua yuko jikoni na wamama wenzake wanaandaa chai ya wageni. Tulipotoka nje, watu walinizunguka, wanashika mikono yangu, wananizungusha. Noela naye akaja kunikumbatia. Alinukia marashi. Nilimkumbatia kwa nguvu, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mzee Anania ndiye aliyepiga mnada. Kikapu cha Noela kilipopanda mezani nilipandisha bei, na kila aliyenifuata nikampita, mpaka wakaniachia. Mzee akauliza ni changu au ninamtunuku mtu.

“Namtunuku Noela mwenyewe,” nikasema. “Aonje kikombe kimoja hapa, sote tumwone.”

Watu walipiga makofi. Waliona ni upendo. Noela peke yake ndiye aliyeelewa, na nikapata yale macho niliyoyasubiri. Alisema ataonja nyumbani. Mzee Anania akasema hapana, desturi ni desturi, akaagiza maji ya moto jikoni. Pakiti ikafunguliwa, kikombe kikaletwa, na umati wote ukamsubiri. Akanisogelea sikioni.

“Nisamehe, Esnath. Bango nalishusha leoleo.”

Ningeweza kuishia hapo. Alikuwa amenipa nilichokitaka tangu mwanzo. Lakini utamu ule sijawahi kuupata kwenye chakula chochote.

“Kunywa,” nikamwambia.

Mwanamke aliyekuwa amekileta kikombe hakuwa ameondoka. Nilimwona bila kumtazama: gauni la kitenge limemning'inia mabegani, shingo imetoka mishipa, midomo imekauka. Alinyoosha mkono, akakichukua kikombe mikononi mwa Noela. Nilimtambua aliponisalimu.

“Kamwene, mwanangu. Mbona mnambana mwenzenu? Labda hajala. Nipeni mimi, nimeshaizoea.”

Alikuwa mama.

Akawaelezea watu, kwa fahari, kwamba yeye anakunywa asubuhi na jioni tangu siku alipoiona picha yangu mpya kwenye bango. Hakuniambia kwa simu kwa sababu alitaka kunishangaza. Alitaka nikirudi nimkute mwepesi, twende wote kuitembea hiyo milima ya Njombe ninayomsimulia. Akamshukuru Noela kwa kunisaidia. Kisha akanywa. Nusu ya kikombe ilikuwa imeshaingia nilipomfikia na kukipiga kikaanguka.

“Mama, acha. Hiyo ni sanamaki. Mimi sijawahi kuinywa, hata siku moja.”

Sentensi ile nilikuwa nimeifanyia mazoezi wiki nane njiani kwenda kazini, na nilikuwa nimeipanga imwangukie Noela. Noela aliinamisha kichwa, ni kweli, na wamama wakaanza kumgeukia wakinung'unika. Sikupata nafasi ya kumwangalia. Mama hakuwa anamtazama Noela. Alikuwa ananitazama mimi.

Akaniuliza taratibu kama nilijua kwamba picha yangu ndiyo inayouza ile chai. Nikasema nilijua. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu mwezi wa tano. Karibu naye palikuwa na Feliciana, jirani yetu, naye gauni limempwaya vilevile, na nyuma yake wengine ambao sikutaka kuwahesabu.

“Sasa kwa nini hukusema?”

Nilikuwa na maneno mengi siku ile, yote makali, yote ya Noela. La kumwambia mama nilikuwa nalo moja tu, na lilikuwa la kweli.

“Nilikuwa nasubiri watu wawe wengi.”

Mama alijifuta mdomo kwa ncha ya khanga. Akawaangalia watu waliosimama pale, mmoja baada ya mwingine, mpaka wale wa nyuma kabisa, kisha akaniuliza kama sasa wanatosha.